KULIMA BUSTANI BILA JEMBE
na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilipata aibu ambayo sitaisahau upesi. Nilikuwa nimechaguliwa kuwa kiranja wa bustani, na mwezi ule ule bustani yote ya shule ikakauka. Maji ya bomba yalikatika siku kumi, jua la Dodoma likawaka bila huruma, na mchicha tulioutolea jasho ukalala chini kama nyuzi. Tangu hapo mpaka shule ilipofungwa tulikula ugali na maharage bila jani la mboga. Kila nilipoingia bwaloni nilisikia wenzangu wakiulizana, "Mboga za kiranja ziko wapi?"

Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba hatukuwa wavivu. Bustani ile tulikuwa tumeilima mara mbili katika mwaka, tukavunja mabonge yote, udongo ukawa laini kama unga. Hata waliochelewa kufika mstarini asubuhi walipewa jembe kuwa adhabu yao, na kazi yao ilikuwa kulima mahali palipokwisha kulimwa. Kama wingi wa kulima ndio unaoleta mboga, basi shule yetu ingaliweza kulisha mji mzima. Nikaanza kujiuliza kama kosa halikuwa katika uvivu wetu bali katika bidii yetu.

Jibu la kwanza nililipata nyumbani wakati wa likizo ya Desemba. Kwetu ni Kilimanjaro, na bibi yangu ana kihamba cha migomba na kahawa. Nilikuwa nimepita humo tangu utotoni bila kukitazama. Safari hii nilikitazama. Chini ya migomba hapakuwa na udongo ulio wazi hata mahali pa kuweka kiganja. Majani makavu ya migomba na samadi ya ng'ombe wa zizini vilikuwa vimelala hapo tabaka juu ya tabaka, na nilipofunua kidogo kwa kidole nikaona udongo mweusi, wenye unyevu, na minyoo ikikimbia mwanga.

Nikamwuliza, "Bibi, mbona hapa hapalimwi kila mwaka kama tunavyolima sisi shuleni?"

Akacheka. "Palimwe kwa nini, mjukuu wangu? Hapa nalisha na kufunika. Wewe ukivuliwa nguo ukasimamishwa juani, utanenepa?"

Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo shuleni Januari. Nataka niwaeleze kwa nini yana kweli ndani yake, na namna nilivyoyajaribu huku kwenye nchi kavu isiyofanana kabisa na kwetu.

KWA NINI TUSILIME?

Watu wengi hudhani kwamba udongo ni vumbi tu, na kwamba kazi ya mkulima ni kulilainisha. Sivyo. Udongo mzuri umejaa viumbe hai: minyoo, wadudu, kuvu na bakteria wasioonekana kwa macho. Hao hula majani yaliyooza na kuyageuza kuwa chakula cha mimea. Wakipita chini kwa chini huacha vijia, na maji ya mvua hushuka kwa vijia hivyo mpaka kwenye mizizi. Utelezi unaotoka kwao hugandisha chembe za udongo zikawa punje ndogo ndogo zenye nafasi za hewa katikati. Bwana Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alitoa kitabu kizima juu ya minyoo mwaka 1881, akaonyesha kwamba minyoo imekuwa ikiipindua ardhi tangu zamani sana, kabla binadamu hajawa na plau.

Sasa jembe linapoingia hukata vijia hivyo, huvunja zile punje, na kuwatoa viumbe wale nje wafe kwa jua. Udongo huwa laini kwa siku chache, nasi hufurahi. Kisha mvua ya kwanza huupiga, vumbi lile huziba nafasi zote, na jua likitoka juu ya ardhi hufanyika gamba gumu. Mvua ya pili haiingii tena; hukimbilia mtaroni na udongo wetu. Zaidi ya hayo, mbegu za magugu zilizolala chini kwa miaka mingi huletwa juu, na zikiona mwanga huota. Basi hulima ili tuondoe magugu, na kwa kulima huko tumeyapanda mengine.

Sisi tunaosoma katika mkoa huu tuna sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa palikuwa mahali pake pa kwanza. Yaliletwa matrekta na mashine kubwa za kung'olea miti, nchi ikafyekwa na kulimwa. Lakini mvua ilikuwa haba na isiyotabirika, na kiangazi kilipofika udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kama tofali, hata kuvuna karanga kukawa taabu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule uliachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamekwisha kupotea. Sisemi kwamba kulima peke yake ndiko kulikouangusha. Nasema tu kwamba ardhi hii haishindwi kwa nguvu. Aliye na trekta aliondoka. Mwenye jembe atafanyaje?

NAMNA YA KUTENGENEZA MBOJI

Asiyelima lazima alishe, na chakula cha udongo ni mboji, yaani mbolea ya takataka zilizooza. Katika nchi yetu mboji haina gharama ila kazi. Vitu vyake ni vya namna mbili. Kwanza vitu vikavu: mabua ya mahindi, mtama na uwele, nyasi kavu, na majani makavu yaliyoanguka. Pili vitu vibichi: magugu yaliyong'olewa kabla hayajatoa mbegu, maganda ya jikoni, majani mabichi, pamoja na samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku. Vitu vikavu vina kaboni nyingi na vibichi vina naitrojeni nyingi. Bakteria wanaoozesha huhitaji kaboni kiasi cha sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Hatuna mizani ya kupimia hayo, lakini kwa kukisia karai mbili au tatu za vikavu kwa karai moja ya vibichi hufaa.

Chagua mahali penye kivuli, karibu na maji. Sisi tulichagua chini ya mkwaju nyuma ya jiko. Pima mita moja na nusu kila upande. Chini kabisa panga mabua manene ili hewa ipite. Juu yake weka vitu vikavu vilivyokatwakatwa kwa panga, unene wa kiganja. Kisha vitu vibichi. Kisha samadi kidogo, na udongo wa juu kiasi cha kunyunyiza tu, maana ndani yake mna bakteria wa kuanzisha kazi. Majivu yaweza kutiwa, ila yasizidi. Mwagilia kila tabaka. Endelea hivyo mpaka lundo lifike kifuani, kisha lifunike kwa nyasi.

Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo kwa mshazari. Kijiti hicho ndicho kipima joto chetu. Baada ya siku tano kichomoe. Kikiwa cha moto hata huwezi kukishika muda mrefu, furahi, maana joto la digrii 55 hadi 65 huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Kikitoka cha baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoka cha baridi ingawa kina unyevu, ongeza samadi. Kikinuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana; pindua lundo na kuchanganya vitu vikavu. Ukifinya gao la mboji lazima mkono ulowe, lakini maji yasichuruzike.

Baada ya majuma matatu pindua lote, ya nje yaingie ndani, na baada ya majuma mengine matatu pindua tena. Kwa miezi mitatu au minne mboji huwa tayari. Utaijua kwa kuwa nyeusi, hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, wala huwezi kutambua lipi lilikuwa bua na lipi lilikuwa ganda. Usitie nyama, mabaki yenye mafuta, plastiki, betri, kinyesi cha mbwa au paka, wala mimea iliyougua. Na ugali usitie. Utawaalika panya, kisha mpishi atakushitaki.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifanya hivyo mara ya kwanza. La. Lundo langu la kwanza lilikuwa la mabua matupu, maana mabua ndiyo yaliyokuwa karibu, nami nilikuwa na haraka ya kuifuta ile aibu. Nililimwagia maji siku ya kwanza nikaliacha. Baada ya majuma saba mchwa walikuwa wameingia na mabua yalikuwa bado mabua. Hata hivyo niliyachukua yaliyooza nusu nikayachanganya na udongo wa tuta, tukapanda mchicha. Mchicha uliota, ukawa wa manjano, ukasimama hapo. Mwalimu wetu wa Kilimo alinieleza sababu. Bakteria walikuwa hawajamaliza kuyala mabua yale, na kwa kuwa hawakupata naitrojeni humo waliichukua ile ya udongoni. Nilikuwa nimeweka wageni wenye njaa mezani pamoja na watoto. Mbegu zile zilinunuliwa kwa fedha za darasa zima, na ilinibidi nisimame mbele ya darasa niseme kosa lilikuwa langu.

NAMNA YA KUANDAA TUTA

Lundo la pili nililijenga kama nilivyoeleza hapo juu, na mwezi wa Mei lilikuwa tayari. Nilipokwenda kumweleza Mwalimu habari za bustani isiyolimwa, hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Usiniambie, nionyeshe." Akanipa matuta mawili ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Moja lilimwe kama kawaida, la pili lisilimwe. Yote mawili yapate mboji sawa, miche ya sukuma wiki kutoka kitalu kimoja, na yapandwe siku moja.

Tuta lisilolimwa nililiandaa hivi. Kwanza nilihakikisha upana wake hauzidi urefu wa mikono kutoka pande mbili, ili mtu asikanyage kamwe mahali penye mimea, kwa kuwa asiyelima akikanyaga hana cha kumsaidia kulegeza tena. Pili nilifyeka magugu usawa wa ardhi nikaiacha mizizi ioze mahali pake. Tatu, kwa kuwa udongo wetu ulikuwa mgumu sana, niliuchoma kwa uma wa bustani na kuutikisa kidogo bila kuupindua. Hilo hufanywa mara moja tu, mwanzo, na mahali penye udongo laini halihitajiki. Nne, nililowesha ardhi, nikatandika maboksi ya karatasi niliyoomba stoo, baada ya kuondoa gundi na pini zake, kila boksi likipanda juu ya jenzake kiasi cha shubiri, nikayalowesha nayo. Boksi huwanyima magugu mwanga, kisha huoza lenyewe. Tano, nilimwaga mboji unene wa vidole vinne, ambayo kwa tuta hilo ilikuwa kama ndoo 24. Lundo moja kubwa lililooza vizuri hutosha matuta mawili ya namna hiyo.

Kisha nilitoboa mashimo madogo kwa kijiti, nikapanda miche, na kuzunguka miche nikatandaza nyasi kavu unene wa kiganja, bila nyasi kugusa shina ili lisioze. Kwa mbegu ndogo kama za mchicha au karoti, vuta nyasi pembeni mpaka zichipue, ndipo urudishe. Ukimaliza kuvuna using'oe; kata shina na kuacha mizizi, ongeza mboji kidogo juu, upande tena.

YALIYOTOKEA

Nataka kusema kweli hata pale inaponishinda. Mwezi wa kwanza tuta lililolimwa lilikuwa mbele. Miche yake ilikuwa mikubwa na ya kijani zaidi, na wenzangu wa bweni walinipa jina la "Bwana Shamba wa Nyasi." Huenda ni kwa sababu udongo ukitifuliwa hutoa akiba yake ya chakula kwa ghafla, kama mtu anayetumia mshahara wote siku moja.

Mwezi wa Julai mambo yakaanza kugeuka. Tuta lililolimwa lilihitaji ndoo mbili za maji kila jioni. La pili nililipa ndoo mbili kila baada ya siku moja, na nikifunua nyasi mchana udongo ulikuwa bado na unyevu. Kupalilia tuta la kwanza kulichukua saa nzima kila juma. La pili nililipalilia kwa mkono nikisubiri kengele ya chai.

Kisha mwezi wa Agosti maji ya bomba yakakatika tena, safari hii siku nane. Maji ya akiba yalikuwa ya kunywa na kupikia tu, wala mtu hakuthubutu kuomba ya bustani. Kila alfajiri nilikwenda kutazama moyo ukidunda. Siku ya nne sukuma wiki ya tuta lililolimwa ilikuwa imelala. Ile ya tuta lililofunikwa ilinyong'onyea saa saba mchana, ikainuka jioni. Siku ya nane maji yaliporudi, tuta la kwanza lilikuwa limekufa zaidi ya nusu. La pili halikufa shina hata moja. Jioni ile mpishi mkuu alikuja mwenyewe na kisu na karai. Tuta moja la mita sita haliwezi kushibisha bwalo. Zilipata meza tatu tu, nazo kwa kura. Lakini hakuna aliyeuliza mboga za kiranja ziko wapi.

Nilikimbia kumweleza Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Utajuaje kama lililoliokoa ni kutolima, au ni nyasi tu?" Nilinyamaza, maana sikuwa nimeliwaza. Matuta yangu yalitofautiana kwa mambo mawili, nami nilikuwa nimeyahesabu kuwa moja. Kwa hiyo tumetengeneza tuta la tatu, lililolimwa kisha likafunikwa nyasi, na hesabu ya ndoo na mafungu ya mboga inaandikwa katika daftari lililo ofisini kwa Mwalimu.

Yapo na mengine ambayo njia hii haikuyashinda. Ndago hazikujali boksi. Zilitoboa zikatoka, na ni lazima zichimbwe na viazi vyake kabla ya kuanza. Mchwa walikula nyasi nyingi, ikanibidi niongeze mara kwa mara na kuzinyunyizia maji zisikauke kabisa. Tena mtu asidhani kwamba ni njia ya wavivu. Jasho ni lile lile, ila limehama kutoka kwenye jembe likaenda kwenye kukusanya, kubeba na kupindua.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka. Chini ya mkwaju nimeacha lundo jipya ambalo litakuwa tayari baada ya sisi kwenda zetu, na mboga zake zitaliwa na ninyi mnaobaki. Sioni vibaya, migomba niliyokula ndizi zake utotoni sikuipanda mimi. Ninawaombeni mambo mawili tu. Lundo lipinduliwe kila baada ya majuma matatu, na daftari la matuta matatu lisiachwe tupu. Na kama mwanafunzi amechelewa mstarini, yafaa apewe karai akakusanye majani makavu, badala ya kupewa jembe akaichokoze ardhi iliyokwisha kulala vizuri. Atakuwa ameadhibiwa vile vile, na udongo utakuwa umepata chakula.